Ofisi Mbili za Wally Buono: Ukocha na Umeneja katika Futiboli ya Kanada

Katika Ligi ya Futiboli ya Kanada, ambayo kwa kifupi huitwa CFL, hakuna kocha aliyeshinda mechi nyingi kumzidi Wally Buono. Katika misimu 25 akiwa kocha mkuu, kwanza wa Calgary Stampeders na baadaye wa BC Lions ya Vancouver, alishinda mechi 282 za msimu wa kawaida, akapoteza 165 na kutoka sare 3, na timu zake zikatwaa mara 5 Kombe la Grey, ambalo ndilo ubingwa wa nchi hiyo. Takwimu hizo zimechapishwa mara nyingi, na kama ndizo pekee zinazotakiwa, hakuna haja ya mhadhara. Linalostahili kuchunguzwa ni lile lililo nyuma yake, nalo ni kwamba kwa sehemu kubwa ya misimu hiyo Buono hakuwa kocha tu, bali alishika pia wadhifa wa meneja mkuu, yaani mtendaji wa klabu anayesajili wachezaji, anayepatana nao mishahara na kuamua nani aongezewe mkataba na nani atemwe. Kocha humhitaji mchezaji kwa mechi ya wiki hii, ilhali meneja hulazimika kujiuliza mchezaji huyo huyo atakuwa na thamani gani baada ya miaka 2. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba Buono alifaulu kwa sababu aliubeba uzito wa ofisi zote mbili bila kuiachia moja iimeze nyingine, na kwamba pale alipokwama, alikwama hasa katika tawi moja la umeneja ambalo hesabu za ushindi hazilionyeshi, yaani kumpata mtu wa kumrithi.

Kabla ya kumfuata mtu mwenyewe, ni lazima mchezo wake uelezwe, kwa kuwa si kandanda, na wala si sawasawa na futiboli ya Marekani ingawa zote mbili zimetokana na raga. Mpira wake una umbo la yai, hushikwa mikononi zaidi ya kupigwa teke, na katika miaka yote ya Buono ulichezwa na watu 12 kwa kila upande, katika uwanja wenye urefu wa yadi 110 na upana wa yadi 65, yadi moja ikiwa pungufu kidogo ya mita. Timu yenye mpira hupewa majaribio 3 ya kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine 3, na ikishindwa humwachia mpinzani mpira. Wamarekani hutoa majaribio 4, na tofauti hiyo ambayo mgeni huiona ndogo ndiyo inayoupa mchezo wa Kanada tabia yake, kwa sababu timu iliyopoteza jaribio la kwanza haina tena nafasi ya kusogea taratibu, bali hulazimika kurusha pasi, na mara nyingi jaribio la tatu hutumika tu kuupiga mpira teke la mbali ili mpinzani aanzie karibu na mstari wake mwenyewe. Hapo ndipo unapoonekana uzito wa kwotabeki, mchezaji anayepokea mpira mwanzoni mwa karibu kila jaribio na kuamua, katika sekunde chache huku akiwindwa na walinzi, kama ataurusha, atampa mwenzake au atakimbia nao mwenyewe. Klabu ya Kanada inaweza kuvumilia udhaifu katika nafasi nyingi, lakini isiyo na kwotabeki mzuri haifiki popote, na maisha ya kazi ya Buono yanaweza kusomwa, bila kupotoshwa sana, kama habari za makwotabeki aliowapata na aliowapoteza.

Ligi yenyewe ni ndogo na fedha zake ni za kuhesabu. Kombe la Grey lilitolewa mwaka 1909 na Earl Grey, aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada, na ligi ikaundwa mwaka 1958. Kwa muda mwingi wa enzi ya Buono ilikuwa na klabu 8 au 9 tu, kila moja ikicheza mechi 18 tangu mwanzo wa majira ya joto hadi vuli, kisha zile zilizofuzu zikaingia hatua ya mtoano. Kanuni huilazimu kila klabu kuwa na Wakanada wa kutosha kikosini, kwa miaka mingi wasiopungua 7 kati ya wanaoanza mechi, na sharti hilo humfanya Mkanada mwenye kipaji kugombewa kuliko Mmarekani anayemzidi uwezo kidogo. Kuanzia mwaka 2007 kikomo cha mishahara, yaani jumla ya fedha ambazo klabu inaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake wote kwa msimu, kilianza kusimamiwa kwa ukali: mwaka huo kilikuwa dola za Kanada milioni 4.05, na mwaka 2018 kilikuwa kimefika milioni 5.2. Katika ligi ya Marekani, NFL, nyota mmoja hulipwa zaidi ya kiasi hicho peke yake. Matokeo yake ni kwamba mchezaji anayeng'ara Kanada huwa na jicho moja kusini mwa mpaka, na meneja wa Kanada hujenga timu yake akijua kwamba kadiri anavyochagua vizuri ndivyo atakavyonyang'anywa mapema.

Buono alizaliwa tarehe 7 Februari 1950 huko Potenza, kusini mwa Italia, na familia yake ikahamia Montreal akiwa mtoto mdogo. Baba yake alifariki Wally akiwa hajabaleghe, mama akabaki na mzigo mzito kwa mtu mmoja, na kwa kipindi fulani kijana huyo na ndugu yake walilelewa katika makao ya wavulana nje ya jiji. Waandishi wa michezo hupenda kuifasiri tabia yote ya mtu kwa shida za utotoni, na kwa Buono wamefanya hivyo bila kubana matumizi. Hapa inatosha kusema kwamba alikua katika mazingira ambamo hakuna kitu kilichochukuliwa kuwa cha kudumu. Futiboli ilimpeleka Chuo Kikuu cha Idaho State nchini Marekani, na mwaka 1972 ikamrudisha Montreal kuichezea Alouettes, klabu aliyoitumikia misimu 10 hadi 1981 akiwa mlinzi wa safu ya pili, yaani mmoja wa wale wanaosimama nyuma ya mabavu ya mbele ili kuziba pengo lolote linalofunguka, na pia akiwa mpiga mateke ya mbali. Nafasi hizo si za watu wa kupigiwa picha. Mlinzi wa safu ya pili hufanya kazi ya kusoma nia ya mpinzani kabla mpira haujatoka, na mpiga mateke huingia uwanjani pale tu wenzake waliposhindwa.

Miaka hiyo ya Montreal ilikuwa chuo chake cha pili. Alouettes walicheza fainali 5 kati ya 1974 na 1979, zote dhidi ya Edmonton, wakashinda ya 1974 na ya 1977. Kocha wao katika ushindi huo wote alikuwa Marv Levy, ambaye baadaye aliifikisha Buffalo Bills katika fainali 4 mfululizo za NFL, na upande wa pili, kuanzia 1977, alisimama Hugh Campbell, ambaye benchi lake la ufundi lilikuwa na msaidizi aliyeitwa Don Matthews. Majina ya Campbell na Matthews yatarejea. Fainali ya 1977 inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa inaonyesha ligi hii ni ya namna gani. Ilichezwa katika Uwanja wa Olimpiki wa Montreal mbele ya watazamaji 68,318, baada ya theluji kuanguka juu ya nyasi bandia; wahudumu wakamwaga chumvi ili kuiyeyusha, halafu baridi ikashuka zaidi na yale maji yakaganda kuwa barafu ngumu, kiasi kwamba wachezaji waliokuwa wakipasha misuli walikuwa wakiteleza na kuanguka. Mlinzi mmoja wa Montreal, Tony Proudfoot, alimwona fundi umeme akiwa na kifaa cha kupigilia pini za stepla, akaziingiza pini hizo katika soli za viatu vyake, na wenzake wengi wakafuata. Miguu ikashika, Edmonton wakaendelea kuteleza, na mechi ikaisha 41–6. Buono alikuwa mmoja wa walioshinda siku hiyo, na mtu anayesoma maisha yake ya baadaye hawezi kukosa kuona kwamba alijifunza mapema jinsi ubingwa unavyoweza kutegemea mambo ambayo hayamo katika daftari la mbinu.

Baada ya kustaafu kucheza alianza kazi ya ukocha msaidizi hapo hapo Montreal, mpaka klabu ilipokufa kwa kukosa fedha mwezi Juni 1987, msimu ukiwa ndiyo kwanza unaanza. Alihamia Calgary, ambako hali haikuwa bora sana: Stampeders hawakuwa wametwaa kombe tangu 1971, na mwaka mmoja tu kabla ya hapo wananchi walikuwa wamehimizwa kununua tiketi ili klabu isifungwe. Mwaka 1990, meneja mkuu akiwa Norm Kwong, mchezaji mashuhuri wa zamani ambaye baadaye alikuwa Luteni Gavana wa jimbo la Alberta, Buono alipewa ukocha mkuu. Mwaka 1992 aliongezewa umeneja mkuu. Kuunganishwa kwa ofisi hizo hakukutokana na nadharia yoyote ya uongozi. Klabu ndogo hulipa mshahara mmoja pale inapoweza kuepuka kulipa miwili, na wenye fedha huona afadhali kumwamini mtu mmoja kuliko kusuluhisha wawili.

Mwaka huo huo mmiliki Larry Ryckman alimleta Doug Flutie, kwotabeki Mmarekani ambaye NFL ilimwona mfupi mno, na ambaye Kanada, pamoja na uwanja wake mpana, ilimfaa kuliko nchi yake. Stampeders walishinda Kombe la Grey la 1992 kwa kuifunga Winnipeg 24–10 mjini Toronto, na kila mtu akatarajia mengine mengi. Yaliyofuata ni sura ngumu zaidi katika maisha ya Buono, na wanaomsifu kwa jumla ya ushindi wake huipita haraka. Mwaka 1993 Calgary walishinda mechi 15 kati ya 18, na fainali ya nchi ilipangwa kuchezwa katika uwanja wao wenyewe. Wakatolewa nyumbani na Edmonton katika fainali ya Kanda ya Magharibi, kwenye baridi iliyovifanya vidole vya Flutie vishindwe kuushika mpira sawasawa. Mwaka 1994 wakashinda 15 tena, wakatolewa nyumbani tena, mara hii na BC Lions kwa 37–36 katika jaribio la mwisho la mechi, na aliyeidaka pasi ya kuwaua alikuwa Darren Flutie, mdogo wake Doug. Mwaka 1995 wakashinda 15 kwa mara ya tatu, wakafika fainali mjini Regina, wakafungwa 37–20 na Baltimore, timu pekee ya Marekani iliyowahi kulichukua kombe hilo katika jaribio fupi la ligi kuvuka mpaka. Na kocha wa Baltimore alikuwa Don Matthews yule yule wa benchi la Edmonton. Ushindi 45 katika mechi 54, bila kombe hata moja katika miaka hiyo 3, ni jambo ambalo kocha yeyote angeweza kulitafsiri kuwa ishara ya kubomoa kikosi.

Buono hakubomoa, na hapa ndipo ofisi ya pili inapoanza kuonekana. Biashara za mmiliki zilianguka, Flutie akaenda Toronto mwaka 1996, na huko, chini ya Matthews, akatwaa makombe 2 mfululizo. Calgary haikuzama, kwa sababu tangu 1994 Buono alikuwa amemweka benchi Jeff Garcia, kijana ambaye hakuna klabu ya NFL iliyomchagua, akamlea taratibu nyuma ya nyota aliyekuwa akilipwa kwa viwango ambavyo ligi haikuwa imevizoea. Garcia aliongoza ushindi wa 1998 dhidi ya Hamilton, 26–24, uliopatikana kwa teke la Mark McLoughlin katika sekunde za mwisho, kisha akaondoka kwenda San Francisco. Nafasi yake ikashikwa na Dave Dickenson, naye akaondoka kwenda San Diego baada ya msimu wa 2000, msimu ambao fainali ilirudi Calgary na Stampeders, vinara wa magharibi, wakatolewa nyumbani kwa mara nyingine na BC Lions iliyokuwa na rekodi ya kushinda 8 na kupoteza 10. Mwaka uliofuata mambo yakageuka: Calgary yenyewe ilimaliza na rekodi hiyo hiyo ya 8 kwa 10, ikiwa na kwotabeki Marcus Crandell ambaye wachache walimtarajia, na ikaifunga Winnipeg 27–19 katika fainali ya Montreal.

Ukiongeza Dickenson aliyeongoza ubingwa wa BC Lions mwaka 2006 na Travis Lulay aliyeongoza ule wa 2011, unapata jambo linalosema mengi kuliko ushindi 282: makombe 5 ya Buono yalishindwa na makwotabeki 5 tofauti. Rekodi ya makombe 5 kwa kocha mkuu anaichangia na Frank Clair, Hugh Campbell na Don Matthews, na miongoni mwao Campbell alipata yake mfululizo, 1978 hadi 1982, katika misimu 6 tu ya ukocha Edmonton, rekodi ambayo kwa ukocha mtupu ni ya juu kuliko ya Buono na hakuna sababu ya kulificha hilo. Lakini Campbell alikuwa na kikosi kilichokaa pamoja. Buono alijenga, akanyang'anywa, akajenga tena, na pengo kati ya kombe lake la kwanza na la mwisho ni miaka 19. Kazi hiyo haifanywi pembeni ya uwanja wakati wa mechi. Hufanywa Februari na Machi, katika simu na mawakala, katika ripoti za maskauti kutoka vyuo vya Marekani, na katika ile orodha ambayo kila klabu ya CFL hutunza ya wachezaji ambao wakitaka kuja Kanada ni lazima waanze kuzungumza nayo.

Mfano mzuri wa kazi hiyo ni Cameron Wake, mlinzi ambaye New York Giants walimtema mwaka 2005 na ambaye baada ya hapo alikuwa nje ya mchezo kabisa. BC Lions ya Buono ilimsajili mwaka 2007. Katika misimu 2 alimwangusha kwotabeki wa upinzani mara 39 na kuchaguliwa mlinzi bora wa ligi miaka yote miwili, kisha Miami Dolphins wakamchukua. Kwa klabu ya kawaida huo ungekuwa msiba. Kwa Buono ulikuwa mwenendo wa biashara yenyewe, na tofauti ilikuwa kwamba mtu wa kuziba nafasi hiyo alikuwa ameanza kutafutwa kabla mwenyewe hajaondoka.

Alifika Vancouver mwaka 2003, baada ya kutoelewana na uongozi wa Calgary na msimu mbovu wa 2002. Aliyemkaribisha ni rais wa klabu, Bob Ackles, ambaye aliingia BC Lions akiwa kijana wa kuwabebea wachezaji maji na akapanda ngazi zote zilizokuwapo, na mmiliki alikuwa David Braley, mfanyabiashara wa Hamilton aliyekuwa na subira kuliko wamiliki wengi. Dickenson alirudi kutoka NFL na kumfuata kocha wake wa zamani. Mwaka 2004 aliumia, na kijana Casey Printers akashika nafasi kwa ustadi uliompa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Lakini ilipofika fainali dhidi ya Toronto, Buono alimrudisha Dickenson, na Lions wakafungwa 27–19. Mashabiki wa Vancouver hawakuacha kulijadili jambo hilo kwa miaka. Wengine waliliona kama upendeleo kwa mtu wa Calgary, na wengine kama uoga. Maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba katika usiku huo ofisi moja iliisemea nyingine: meneja alikuwa ameshaamua timu ni ya nani kwa miaka iliyofuata, na kocha akautekeleza uamuzi huo katika mechi moja ambayo haikuwa na miaka iliyofuata.

Msimu wa 2005 ukaongeza chumvi kwenye kidonda. Lions walishinda mechi 11 za kwanza bila kupoteza, fainali ikiwa imepangwa Vancouver, na makwotabeki wote wawili wakiwa bado klabuni, kila mmoja na kundi lake la mashabiki. Mwishoni walikuwa na ushindi 12 na kushindwa 6, na Edmonton wakawatoa nyumbani katika fainali ya kanda. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, baada ya 1993 na 2000, fainali ya nchi kuja katika mji wa Buono na yeye kuitazama wakicheza wengine. Printers aliondoka kwenda Kansas City, uongozi wa timu ukabaki kwa mtu mmoja, na mwaka 2006 Lions wakaifunga Montreal 25–14 mjini Winnipeg, mateke 6 ya Paul McCallum yakifanya sehemu kubwa ya kazi. Katika kushangilia, wachezaji walilivunja kombe lenyewe, bakuli likaachana na kitako. Mwaka 2009 Buono aliipita rekodi ya ushindi 231 iliyokuwa ya Don Matthews.

Halafu ukaja mwaka 2011, ambao kwa kipimo cha mhadhara huu ndio kilele. Fainali ilikuwa imepangwa tena Vancouver, katika uwanja wa BC Place uliokuwa ukiwekewa paa jipya, na Lions wakaanza kwa kupoteza mechi 5 za kwanza. Baada ya mechi 7 walikuwa wameshinda 1. Kocha asiye meneja, katika hali hiyo, huomba wachezaji na kusubiri jibu. Meneja asiye kocha hufikiria kumfukuza kocha. Buono hakuwa na wa kumwomba wala wa kumfukuza, na alichofanya kilikuwa cha kiasi kuliko mashabiki walivyotaka: alimwacha Lulay katika nafasi yake ingawa wengi walidai atolewe, akaiacha safu ya ulinzi mikononi mwa Mike Benevides, na akamleta Arland Bruce, mpokeaji pasi mzoefu, kutoka Hamilton, ili walinzi wa upinzani wasipate nafasi ya kumkaba mpokeaji mwingine wa Lions, Geroy Simon, wawili wawili. Lions walishinda mechi 10 kati ya 11 zilizobaki, na tarehe 27 Novemba wakaifunga Winnipeg 34–23 mbele ya watu wao wenyewe, timu ya kwanza kuanza kwa kupoteza 5 mfululizo na bado kulichukua kombe. Lulay alikuwa mchezaji bora wa ligi na wa fainali, na Andrew Harris, mkimbiaji aliyezaliwa Winnipeg, akawa Mkanada bora wa fainali, ushahidi wa jinsi lile sharti la Wakanada linavyoweza kuwa silaha badala ya mzigo.

Siku chache baada ya ushindi huo Buono aliacha ukocha akabaki na umeneja, na kuanzia hapo picha inabadilika. Benevides alirithi benchi akaanza vizuri, akishinda mechi 13 mwaka 2012. Mwezi Januari 2013 Buono alimpeleka Simon Saskatchewan, muda mfupi baada ya Simon kuwa mpokeaji aliyekusanya yadi nyingi zaidi katika historia ya ligi. Uamuzi huo kwa hesabu za umri na mshahara ulikuwa na mantiki ile ile iliyomfaulisha miaka 20, ila Simon alifunga mara 2 katika fainali ya mwaka huo na kulitwaa kombe akiwa na klabu yake mpya. Mwaka 2014 Buono aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa Futiboli ya Kanada, na msimu huo huo, fainali ikiwa Vancouver kwa mara nyingine, Lions wakatolewa na Montreal kwa 50–17. Benevides akaondolewa. Jeff Tedford, kocha mwenye sifa kubwa katika vyuo vya Marekani, alikaa msimu mmoja wenye ushindi 7 akajiuzulu, na meneja aliyekuwa na macho makali ya kumwona Garcia na Wake hakumwona mwingine wa kumpa timu isipokuwa yeye mwenyewe. Alirudi benchi mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 66, akashinda mechi 12, akatolewa 42–15 na Calgary katika fainali ya kanda. Mwaka 2017 akakosa kabisa hatua ya mtoano, na baada ya hapo umeneja ukakabidhiwa Ed Hervey.

Ni haki kusema kwamba kumchagua kocha ni kazi tofauti na kumchagua mchezaji. Mchezaji hupimwa kwa kasi, kimo na filamu za mechi, na akikosewa hutemwa kabla ya msimu kuanza. Kocha hupimwa kwa jinsi watu wanavyomtii mambo yanapoharibika, na meneja aliyewahi kuwa kocha kwa miaka 22 huelekea kumtafuta anayefanana naye, au humsimamia mrithi wake kwa karibu mno hata asipokusudia. Hii haipunguzi rekodi ya Buono, bali inaionyesha ilivyo: rekodi ya mtu aliyezifanya ofisi 2 kuwa kichwa kimoja kiasi kwamba klabu haikuweza tena kuzitenganisha bila maumivu. Msimu uliofuata kustaafu kwake, BC Lions walishinda mechi 5 tu kati ya 18, na kocha mpya akaondolewa mara moja.

Mechi yake ya mwisho ilichezwa Hamilton tarehe 11 Novemba 2018, na Lions wakafungwa 48–8. Wiki 2 baadaye, mjini Edmonton, Kombe la Grey lilichukuliwa na Calgary Stampeders, kocha wao mkuu akiwa Dave Dickenson, kwotabeki wa Buono katika klabu zote mbili, na meneja wao mkuu akiwa John Hufnagel, aliyekuwa msaidizi wake Calgary katika miaka ya Flutie. Huyu Hufnagel alikuwa amezishika ofisi zote 2 mpaka mwaka 2015, akaukabidhi ukocha kwa Dickenson, naye akabaki na umeneja.